Kula Kidogo Soho Road: Mezani Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Ukishuka basi namba 74 pale Soho Road, Handsworth, pua ndiyo inayotangulia. Upande huu wanakaanga jalebi, upande ule kuku wa Kijamaika yuko juu ya mkaa, hatua chache mbele mkate unatoka motoni. Maboksi ya mboga yamepangwa mpaka nje ya maduka: muhogo, magimbi, viazi vikuu, bamia, ndizi za kupika, na ikifika Juni na Julai, maembe ya Pakistani yenye harufu ya kumsimamisha mtu njiani. Mtu wa pwani aliyekaa miaka katika miji mingine ya Uingereza, akifika hapa mara ya kwanza hudhani amekaribia soko la Mgandini, Tanga.

Ni mtaa wa kula. Nami ni mtu ambaye, kwa mwaka mmoja na miezi miwili sasa, mlo wangu mzima unaenea kwenye kisahani cha kikombe cha chai.

Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule unaoitwa baipasi. Ninaandika kwa sababu najua sipo peke yangu. Kazini kwangu wodini nawahudumia Waswahili wenzetu waliofanyiwa, na wengine wanaosubiri. Wakipewa kijitabu cha masharti ya chakula wanakuta mtindi wa dukani, viazi vya kuponda na supu ya kopo. Hakuna neno juu ya ugali, hakuna juu ya mbaazi, na hakuna kabisa juu ya shangazi anayekuongezea pilau kwa nguvu huku akisema, "Kula mwanangu, umekonda."

Ninachotaka kusema ni kimoja. Masharti haya hayafuatwi na mtu mmoja peke yake. Yanapita kwenye mikono ya anayepika na anayekukaribisha. Wakijua, unapona ukiwa mezani pamoja na wenzako. Wasipojua, utaanza kukwepa mialiko, na mtu anayekwepa meza za watu ugenini hubaki peke yake haraka sana.

Kwa nini tumbo, kwa nini sasa

Baba yangu alikatwa mguu kwa ajili ya kisukari kabla hajafikisha miaka 60. Mimi nilipofika miaka 34, sukari yangu ilikuwa haishuki kwa dawa mbili, presha imepanda, na magoti yanalia kila nikimaliza zamu ya usiku. Mwongozo wa NICE, chombo kinachoelekeza matibabu huku Uingereza, unasema mtu anaweza kufikiriwa kwa upasuaji huu akiwa na BMI ya 40 au zaidi, au kati ya 35 na 40 kama tayari ana ugonjwa unaohusiana na uzito, kama kisukari. Kwa sisi wenye asili ya Afrika, na kwa watu wa Asia na Mashariki ya Kati, viwango hivyo kwa kawaida hushushwa kwa 2.5, kwa sababu miili yetu hupata madhara mapema zaidi. Wengi wetu hatujui hilo. Ukiwa na wasiwasi, mwulize daktari wako wa mtaa.

Watu wa nyumbani wakisikia, hudhani ni puto, kwa sababu habari za puto la Mloganzila zilienea sana. Puto huwekwa tumboni kwa muda kisha hutolewa. Baipasi ni kitu kingine. Daktari anatenga sehemu ndogo ya juu ya mfuko wa chakula, ndogo kama yai, halafu anaiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo, chakula kiruke sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Upo na upasuaji mwingine, ambapo robo tatu hivi ya mfuko inakatwa na kuondolewa, inayobaki inakuwa nyembamba kama bomba. Huo haurudishiki. Vyote viwili vinataka utaratibu wa kula wa maisha, na ndipo Soho Road inapoingia.

Mtaa uliojengwa na wageni

Handsworth iko kaskazini-magharibi ya katikati ya jiji la Birmingham. Jina la Soho ni la zamani. Katika karne ya 18 Matthew Boulton alijenga hapa kiwanda chake, na mwaka 1775 akaingia ubia na James Watt, wakauza injini za mvuke duniani kote. Nyumba ya Boulton, Soho House, leo ni makumbusho. Yeye, Watt na William Murdoch wote wamezikwa katika kanisa la St Mary, hapo kando ya Handsworth Park.

Viwanda vilivuta watu. Baada ya Vita Kuu ya Pili walikuja Wajamaika na watu wa visiwa vingine vya Karibi, wakaja Wapunjabi. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, maelfu waliingia Uingereza, na baadhi yao wakafanya makao Birmingham. Wengine walitoka Kenya na Tanzania. Ndiyo maana usishangae ukimsikia mzee mwenye kilemba, dukani, anahesabu chenji kwa Kiingereza, anamgombeza mjukuu kwa Kipunjabi, kisha akakujibu "karibu tena" kwa Kiswahili kisicho na kosa.

Faida yake kwa mgonjwa ni kwamba chakula chetu karibu chote kipo hapa, ila kimebadilishwa jina. Kopo lililoandikwa *gungo peas* kwenye duka la Kijamaika ni mbaazi. *Callaloo* yao ni mchicha. *Moong* ya Mhindi ni choroko, ile ambayo Wakenya huita ndengu. *Toor dal* ni mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa. *Eddoes* ni magimbi. Unga wa ulezi utafute penye jina *ragi*. Ukishajua majina haya huna haja ya kuishi kwa supu ya kopo.

Hatua za kula, kwa chakula chetu

Kila hospitali ina ratiba yake, na ratiba ya hospitali yako ndiyo ya kufuata. Lakini kwa jumla mambo huenda hivi.

Kabla ya upasuaji, kwa wiki mbili hivi, unapewa chakula kidogo chenye wanga mchache sana ili ini lisinyae. Ini likiwa kubwa humzuia daktari kufika kwenye mfuko wa chakula. Wiki hizo ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu tumbo bado ni lile la zamani.

Wiki mbili za kwanza baada ya upasuaji ni vimiminika tu: maji, maziwa yasiyo na mafuta, supu iliyochujwa, na uji wa ulezi mwepesi kabisa uliopikwa kwa maziwa bila sukari. Unakunywa funda dogo, unapumzika, unakunywa tena. Ukichanganya vijiko vinne vya chakula vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta katika nusu lita ya maziwa, unapata protini zaidi kwa ujazo uleule. Hayo ndiyo maziwa niliyopikia uji.

Wiki ya tatu na ya nne ni chakula kilichosagwa kikawa laini kama cha mtoto. Hapa mpishi wa Kiswahili ana bahati. Choroko zilizoiva sana na kupitishwa kwenye blenda, mbaazi zilizochujwa maganda, samaki aliyesagwa na mchuzi wake, mtindi usio na sukari. Tui la nazi tumia kidogo na jepesi, maana mafuta mengi huleta kichefuchefu.

Wiki ya tano na ya sita ni vyakula laini: yai la kuchemsha lililopondwa, samaki mweupe aliyechambuliwa mifupa, boga, mchicha uliokatwa vizuri. Baada ya hapo unarudi pole pole kwenye chakula cha kawaida, kwa kiasi kidogo.

Na hapo ndipo utamaduni wetu unapogeuzwa juu chini. Kwetu ugali ndio chakula. Samaki na mboga ni kitoweo cha kuusindikizia. Kwa tumbo lililopunguzwa, kitoweo ndicho chakula. Samaki kwanza, mchicha wa pili, ugali mwisho, tena kama nafasi ipo. Sababu ni hesabu tu. Mwili unahitaji angalau gramu 60 za protini kwa siku ili kidonda kipone na misuli isiyeyuke pamoja na mafuta. Yai moja lina gramu 6 hivi. Maziwa mililita 200 yana 7. Choroko zilizochemshwa, gramu 100, zina 7. Samaki aliyepikwa, gramu 100, ana 20 hivi. Tumbo dogo likijazwa ugali mwanzoni, gramu hizo 60 hazitapatikana mpaka jua lizame.

Ugali, wali, chapati na mkate mweupe vina tatizo jingine: vinagandamana na kukaa kama bonge. Nyama choma ngumu hufanya vilevile. Maumivu yake hushika kifuani, mate yanajaa, na mtu huishia kutapika. Kwa hiyo tonge ni la ukubwa wa ncha ya kidole gumba, litafunwe mara 20 au zaidi, na mlo uchukue kama dakika 20. Ukiona umeshiba, simama hapohapo. Tonge moja la heshima kwa mwenyeji linaweza kukupeleka chooni kutapika.

Kunywa na kula havikai pamoja. Acha nusu saa baada ya kula ndipo unywe. Soda zenye gesi ziache kabisa. Maji yanyweke kidogo kidogo mchana kutwa, maana kukaukiwa maji ni moja ya sababu kubwa zinazowarudisha watu hospitali wiki za mwanzo.

Kuhusu ile jalebi ya Soho Road: aliyefanyiwa baipasi, sukari nyingi haikai tumboni. Inamwagika haraka kwenye utumbo, na ndani ya nusu saa mtu anatoka jasho, moyo unakwenda mbio, tumbo linasokota, anaharisha. Wengine, saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya damu hushuka ghafla, wakatetemeka na kuona giza. Visheti, ladu, halua, kaimati na chai yenye vijiko vinne vya sukari viko kundi hilohilo. Mimi napita dirisha la duka la peremende kama ninavyopita duka la vito: natazama, nasifu, naendelea na safari.

"Umekonda, unaumwa?"

Masharti ya tumbo niliyajua kitaalamu kabla ya kulazwa. Jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote cha shule ni namna ya kukaa na watu.

Nyumbani, mtu akikonda kwa haraka, watu hawampongezi. Wananong'ona. Kizazi cha mama zetu kilizika watu wengi waliokonda hivyo, na macho yao hayajasahau. Miezi minne baada ya upasuaji nilikuwa nimepungua kilo 26, nywele zinakatika, jambo ambalo huwapata wengi kati ya mwezi wa tatu na wa sita na kwa kawaida hupita. Mama yangu aliniona kwenye simu ya video, akanyamaza. Siku tatu baadaye akapiga tena, safari hii ameingia chumbani na kufunga mlango.

"Mwanangu, unanificha nini? Jirani ameona picha yako, ameniuliza. Nimekosa la kumjibu."

Nikamweleza yote. Akauliza swali ambalo najua wengi wanaulizwa: "Wamekukata tumbo kwa sababu unakula sana?"

"Hapana Mama. Kwa sababu ya mguu wa Baba."

Akalia kidogo. Halafu akataka nimweleze upya, pole pole, ninakula nini asubuhi, ninakula nini mchana. Aliandika kwenye daftari la VIKOBA. Tangu siku ile jirani hana tena cha kuuliza, kwa sababu Mama ndiye anayemfundisha mtaa mzima kuhusu protini.

Meza ya pili ilikuwa ya hapahapa. Kuna mama mmoja tunayemwita sote Shangazi. Idd na Krismasi, Mwislamu na Mkristo, tunakusanyika kwake, na sahani yake haijawahi kuwa na adabu ya kujaa nusu. Kukataa chakula cha Shangazi ni kama kukataa salamu yake. Kwa hiyo siku mbili kabla ya Idd nilimpigia simu.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Mnakuja?"

"Tunakuja. Ila nina jambo. Nimefanyiwa upasuaji wa tumbo, nakula kidogo sana sasa."

Kimya. Kisha: "Samaki unaweza?"

"Naweza."

"Wa nazi?"

"Nazi iwe nyepesi."

"Basi njooni. Nitakuwekea chako mapema, kabla watu hawajaanza kelele."

Siku hiyo nilikaa sakafuni kwenye mkeka na wenzangu, na bakuli langu dogo. Mgeni mmoja alipotaka kuniongezea biriani, Shangazi akamwambia tu, "Mwache, huyo ameshakula." Hakueleza zaidi. Nilikaa mpaka usiku.

Nimeona wodini watu ambao hawakuwa na Shangazi wa hivyo. Ni wagonjwa wanaofuata masharti kwa kujifungia. Wanakula peke yao kwa siri, harusi hawaendi, na wakitapika kila siku hawana wa kumwambia, kwa sababu hakuna anayejua kuwa walifanyiwa upasuaji. Kutapika siku nyingi mfululizo si jambo la kuvumilia. Mwili huishiwa vitamini B1 haraka, na upungufu huo unaweza kuharibu mishipa ya fahamu na ubongo. Angalau mtu mmoja nyumbani kwako ajue.

Bakuli la mtu wa Kericho

Mwanzo wa Soho Road, ukitokea mjini, kuna jengo kubwa lenye kuba. Hiyo ni gurdwara ya Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha. Wanaolipita kila siku kwenda kununua muhogo, wengi hawajui kuwa mizizi yake iko Afrika Mashariki. Mwanzilishi wake, Baba Puran Singh, aliishi Kericho, Kenya, na mpaka leo wafuasi wake humtaja kwa jina la mji ule wa chai. Alihamia Uingereza, akafariki mwaka 1983. Jumuiya hiyohiyo imejenga gurdwara kubwa Kericho pia.

Kama ilivyo kwenye gurdwara zote, hapa kuna langar, yaani chakula cha bure kwa yeyote anayeingia, wa dini yoyote na rangi yoyote. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa mikono, unakaa na wengine. Chakula hakina nyama: dengu, mboga, mtindi, chapati, mara nyingine wali wa maziwa wenye sukari. Wanaogawa ni watu wa kujitolea.

Nilikwenda na mwanangu wa miaka saba, mwezi wa tano baada ya upasuaji. Nilikuwa namwelekeza kwa Kiswahili, "Usichukue nyingi, ukichukua umalize," ndipo mzee aliyekuwa akigawa dengu akasimama mbele yetu.

"Na mama? Kidogo, au nusu ya kidogo?"

Alizaliwa Kisumu. Nilimwambia nusu ya kidogo. Akatia vijiko viwili vya dengu na kimoja cha mtindi, akapita. Hakuuliza kwa nini. Pale mtu anayechukua kidogo hamwudhi yeyote. Kinachoangaliwa ni kutobakiza chakula kwenye sahani. Kwa mgonjwa wa aina yangu hiyo ni meza iliyotengenezwa sawasawa: dengu laini, mtindi, kiasi unachotaja mwenyewe, na watu kulia na kushoto. Wanafunzi wanaosoma Birmingham na mfuko umekauka, nanyi mlijue jengo hili. Nendeni kwa heshima, na mkishiba ombeni kuosha vyombo.

Handsworth imezoea watu wanaokula tofauti na wenzao. Mshairi Benjamin Zephaniah, aliyefariki Desemba 2023, alikulia mtaa huu katika familia ya Kikaribi, na alipofikisha miaka 13 alikuwa ameshaacha nyama, maziwa na mayai, akabaki hivyo maisha yake yote. Hakuna aliyemwona si wa Handsworth kwa sababu hakula kuku wa mkaa.

Kutembea, kufunga na kusafiri

Tumbo likipona, mwili unataka kutembezwa. Nilianza na dakika kumi, mara mbili kwa siku. Handsworth Park ina ziwa, bata, njia tambarare na mabenchi ya kutosha. Kulizunguka ziwa kulinichosha kabisa wiki ya tatu. Sasa nalizunguka mara nne kabla ya zamu.

Ndugu zangu Waislamu huuliza kuhusu Ramadhani. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa baadaye, na miezi ya mwanzo baada ya upasuaji kufunga ni hatari, kwa sababu maji hayawezi kunyweka yote usiku. Na huku Uingereza funga ya kiangazi ni ndefu. Hata baada ya mwaka, zungumza na timu yako ya upasuaji kwanza, kisha imamu. Waliofunga baada ya kuruhusiwa hufuturu kwa maji na supu, wanaacha muda, ndipo wanakula samaki au dengu. Tende moja hutosha, na aliyefanyiwa baipasi aionje kwa uangalifu.

Vitamini ni za maisha yote, si za mwaka wa kwanza: mchanganyiko wa vitamini na madini, chuma, kalsiamu na vitamini D, na kwa wengi wetu sindano ya B12 kila miezi mitatu. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja. Tenganisha kwa saa mbili. Chai nayo huzuia chuma, kwa hiyo kidonge cha chuma kisiteremshwe kwa chai ya rangi. Wasiokula gelatini ya nguruwe waulize duka la dawa, zipo aina nyingine.

Ukienda likizo nyumbani, beba vitamini za kutosha, piga sindano yako kabla ya safari, na uwe na barua inayosema ulifanyiwa nini. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac, ambazo nyumbani tunazinunua dukani kama pipi, zinaweza kutoboa kidonda tumboni kwa aliyefanyiwa baipasi. Kataa kwa upole, omba paracetamol. Kina dada, mimba iahirishwe kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifanye kazi vizuri baada ya baipasi, kwa hiyo uliza njia nyingine.

Kwa wanaofikiria kwenda nje ya Uingereza kwa sababu ni nafuu na foleni ni fupi: uliza kwanza nani atakuangalia ukirudi. Huku aliyefanyiwa hufuatiliwa na timu ya upasuaji kwa angalau miaka miwili, kisha damu hupimwa kila mwaka. Kazi ya kisu ni saa chache. Ufuatiliaji ndio matibabu.

Maumivu makali ya tumbo, homa, moyo kwenda mbio, choo cheusi, au kushindwa kushusha hata maji: piga 111, na hali ikiwa mbaya 999. Usisubiri asubuhi.

Kwa wenye nyumba

Umealikwa wewe usomaye hapa kuwa Shangazi wa mtu. Mgeni wako akikwambia amefanyiwa upasuaji huu, mpe bakuli dogo na kijiko cha chai. Mtolee kitoweo kwanza. Glasi ya juisi usimwekee pembeni ya sahani. Akiweka kijiko chini, usimwongeze, na usimtangazie mbele ya watu. Mwulize habari nyingine, za kazi, za watoto, za mpira. Chakula amekwisha kula. Amebaki kwa ajili yenu.

Sukari yangu sasa iko chini bila dawa, ingawa bado napimwa, kwa sababu kisukari kinaweza kurudi. Mama hupiga simu kila Jumapili saa nane mchana, saa za Tanga. Zamani swali lake la kwanza lilikuwa kama nimekula. Siku hizi anauliza, "Umeanza na samaki?"